Ukitoka Kwenye Picha ya Kutisha, Useme Nini Barzani

Katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe, upande wa Sokomuhogo, kuna barza inayoitwa Jaws Corner. Watu hunywa kahawa pale, hucheza dhumna na kubishana siasa mpaka usiku. Jina hilo limetoka kwenye picha ya papa aliyoiongoza Steven Spielberg mwaka 1975. Mji wetu, kwa hiyo, una barza iliyobeba jina la picha ya kutisha, na bado kijana akiulizwa barzani kuhusu picha aliyoitazama jana hujibu neno moja: "Inatisha." Au: "Haitishi." Ikiwa ni ya polisi na majambazi atasema "kali", kisha mazungumzo yanarudi kwenye mpira.

Hilo linanisikitisha, kwa sababu watu wa Unguja hawakuanza kutazama jana. Jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, lilifunguliwa Vuga mwaka 1921. Liliungua, likajengwa upya katikati ya miaka ya 1950, na leo wapo wanaohangaika kulifufua. Empire na Cine Afrique zilifurika siku za Jumapili kwa picha za Kihindi, tiketi zikilanguliwa nje ya mlango, na yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao. Televisheni Zanzibar ilirusha picha za rangi tangu mwaka 1973, takriban miaka 20 kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote. Mtafute mzee au bibi aliyeitazama Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, umuulize: yule hakimu aliyeshikilia kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, si ndiye aliyemsukuma mwanawe kwenye wizi? Atakupa hukumu yake na sababu zake, na atakutajia tukio lenyewe. Uwezo huo haujapotea. Unahitaji kufanyiwa mazoezi, na haya ninayoyaandika ni mazoezi yangu, ninayomgawia yeyote anayependa picha za kutisha na za uhalifu lakini maneno yakamwishia mlangoni.

Anza na swali moja, uliweke mbele ya mengine yote: nani anakula kwenye hofu hii?

Sikulitoa Marekani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alilipanda katika riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la utunzi. Mauaji yanatokea penye mzimu, na hofu ya mzimu inatosha kuwanyamazisha watu. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake mdomoni, hakatai kwamba watu wanaogopa. Anachokifanya ni kuuliza hofu hiyo inamfaa nani aliye hai. Tangu pale, kwenye maandishi yetu, kitisho na uhalifu vimekaa mkeka mmoja, na mimi naona makosa kuvitenganisha kama maduka ya video yalivyokuwa yakitenganisha rafu zao. Picha nzuri ya kutisha ina mhalifu ndani yake, hata akiwa si yule mwenye meno. Picha nzuri ya uhalifu ina kitu kinachomkosesha mtu usingizi.

Lijaribu swali hilo kwenye ile picha ya papa. Papa anakula watu, hilo kila mtu analiona. Lakini yupo meya ambaye hataki pwani ifungwe, kwa sababu sikukuu ya tarehe 4 Julai inakaribia na wageni wanaleta pesa. Anayekula kwenye ukimya ni yeye na wafanyabiashara wa mji. Sisi tunaoishi kwenye kisiwa cha watalii tuna haki ya kuielewa picha ile kuliko watu wengi duniani. Ukisimama barzani ukasema, "Mimi papa hakunitisha sana, aliyenitisha ni meya," umeshafungua mjadala wa saa nzima, na hujasema hata neno moja la kitaalamu.

Baada ya swali hilo, zoeza masikio. Watu hudhani picha ya kutisha ni kazi ya macho. Kwa kiasi kikubwa ni kazi ya sauti. John Williams alimtangaza papa kwa noti mbili tu zinazojirudia, na papa mwenyewe haonekani sawasawa mpaka imeshapita zaidi ya saa nzima. Sababu mojawapo ni kwamba papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, hivyo Spielberg akalazimika kumficha. Kile kilichoonekana kuwa balaa la kazi ndicho kilichoipa picha nguvu.

Fanya hivi. Ukiwa katikati ya tukio la kutisha, fumba macho kwa muda mfupi usikilize tu. Ukiwa bado unaogopa, sauti inafanya kazi yake. Halafu siku nyingine, ukirudia tukio lilelile nyumbani, zima sauti uitazame picha peke yake. Kama hofu imekwisha kabisa, mwongozaji alikuwa akikutisha kwa ngoma na mayowe, na kamera haikuwa na la kusema. Hapo umepata hoja, na unaweza kuionyesha kwa kidole. Ukitazama kwa simu, vaa hedfoni. Feni ya chumbani na redio ya jirani zinatosha kuiua picha nzima, kisha ukailaumu bure.

Na masikio ya Mswahili yana faida yake. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, inapitisha majina yake ya mwanzo kwa wimbo wa Kiswahili uliotungwa na Michael Abels, uitwao Sikiliza kwa Wahenga. Sauti zile zinamuonya kijana mweusi anayekwenda kuwatembelea wazazi wa mpenzi wake. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama mnong'ono wa mbali usioeleweka. Sisi tumepewa onyo waziwazi, wakati stelingi mwenyewe haelewi. Hofu yetu katika picha hiyo inaanza mapema kuliko yao. Jambo kama hilo ukilisema, usilipite haraka. Eleza limebadilisha nini katika utazamaji wako.

Sasa tenganisha kushtuka na kuogopa. Kushtuka ni jambo la mwili: paka anaruka, mlango unagonga, kila mtu anainuka kitini. Hata picha mbovu kabisa inaweza kukushtua. Kuogopa kunakuja polepole na kunabaki. Ukitoka ukumbini ukapita kichochoro cha Kiponda usiku, ukajikuta unaongeza hatua, hiyo ndiyo hofu, na lazima ujiulize imetoka tukio gani. Mimi nina msimamo hapa: picha inayoshtua mara nyingi bila kuogopesha hata mara moja inamdharau mtazamaji, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya picha nyingi za nyumba zenye pepo zinazotoka kila mwaka. Zinafanana mpaka mtu anajua sekunde ambayo mkono utatokea nyuma ya pazia.

Kitu kingine cha kushikilia ni sharti. Hapa kwetu kila kisa cha jini kina sharti lake: usipite mahali fulani wakati wa magharibi, usijibu ukiitwa mara moja, usile cha watu usiowajua. Waandishi wa picha za kutisha duniani kote wanafanya hivyohivyo. Wanaweka sharti, kisha wanatutazamisha watu wakilivunja. Kazi yako ni kuligundua sharti mapema na kuifuatilia picha uone kama inaliheshimu mpaka mwisho. Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, inafanyika Mississippi mwaka 1932. Ndugu wawili mapacha, wote wakichezwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa muziki wa watu weusi, na usiku wanakuja wanyonya damu. Sharti lao ni kwamba hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Mtu wa Unguja analielewa hilo kuliko mtu wa Hollywood, kwa sababu sisi tumelelewa kwenye hodi na karibu. Kumwacha mtu mlangoni ni aibu. Picha ile inageuza adabu kuwa mlango wa hatari. Halafu uliza swali letu. Wale walio nje wanataka muziki uliomo ndani, na wanaahidi udugu kwa bei ya roho. Nani anakula? Coogler anakuachia ujibu, na nusu ya kwanza nzima ameitumia kukufanya uwapende watu wa ukumbini kabla hatari haijafika. Wapo waliolalamika kwamba picha inachelewa. Mimi nawajibu kwamba bila ule ucheleweshaji tusingekuwa na wa kumhofia.

Iweke kando ya Shaitaan, ya Kihindi, ya mwaka 2024, yenye Ajay Devgn na R. Madhavan. Familia iko safarini, inamkuta mgeni mwenye maneno matamu kwenye mkahawa wa njiani, na binti anakula kitu kutoka mkononi mwake. Baadaye mgeni anafika nyumbani kuomba kuchaji simu. Ni sharti lilelile kwa sura nyingine: adui haingii kwa kuvunja mlango, anaingia kwa ukarimu wa mwenye nyumba. Nusu ya kwanza inakaza moyo kwelikweli, kwa sababu baba ana nguvu zote za baba na hana la kufanya. Ninavyoona mimi, inapofika mwisho na mambo yakawa makubwa, moto na mapango na umati, hofu inapungua. Sebule ilitosha. Hukumu kama hiyo, ya kusema picha ilinishika hapa ikaniachia pale, ina thamani mara kumi kuliko kusema ni nzuri au mbaya.

Kuna suala la imani, na sipendi kulikwepa. Sisi majini tunayaamini. Yametajwa katika Qur'ani, na iko sura nzima yenye jina lao. Kwa hiyo picha ya Kizungu inayotumia saa nzima mume akikataa kusadiki kwamba nyumba ina kitu inaweza kutuchosha. Mtu wa Ng'ambo, hapa mjini kwetu, angemwita shehe asubuhi yake, akasoma, na shughuli ikaisha. Usiikosoe picha kwa hilo peke yake. Jiulize kule kukataa kunamfanyia nini yule mke anayeachwa peke yake na hofu yake, na mara nyingi utakuta mkasa wa kweli ni ndoa. Vilevile msalaba na maji ya padri huenda visikupe utulivu, na hukosi kitu kwa kulisema. Lakini mzee akikuambia barzani kwamba kutazama mambo haya ni kuyaalika, mpe heshima yake. Sema, "Mzee, nimekufahamu," umuulize yeye alisikia visa gani alipokuwa mdogo. Utapata kisa kizuri kuliko picha uliyoitazama. Kubishana naye mbele ya watu hakutakupa kitu.

Usidhani pia kwamba kila roho katika sinema inakuja kudhuru. Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001, inamweka mgonjwa asiyesema katika hospitali ya akili ya Tanzania, na kiumbe wa kale anayemjia. Daktari anaona maradhi. Mgonjwa anaona wahenga. Ukiuliza nani anafaidika na hofu katika picha ile, jibu linaweza kuwa yule anayeogopa mwenyewe, kwa sababu hofu inamlazimisha kukumbuka. Namshauri kila mtu anayedhani picha za mizimu ni za kupiga kelele tu aitafute hii.

Kwa upande wa pili, tuna picha za kupaka damu zilizopigwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, kwa kamera za video na bajeti ndogo, na watu walizinunua na kuzitazama kwa hamu. Vijana wa leo wanazicheka kwa sababu ya meno ya bandia na moshi wa kompyuta. Mbinu ya haki ni kuhukumu kitu kwa kile kilichojaribu kufanya na kwa vifaa vilivyokuwepo. Waulize waliozitazama wakiwa watoto kama walilala usiku ule.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, habari za pepo aitwaye Popobawa zilianzia Pemba zikavuka mpaka Unguja. Familia zililala nje kwa makundi, zikikesha na moto. Mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Watu waliolala nje mwaka ule bado wapo, wengine ni wazazi wako. Picha yoyote itakayotumia jina hilo, na mzaha wowote wa barzani, unapita juu ya maiti ya mtu ambaye hakufanya kosa. Ndiyo maana nasisitiza swali la nani anakula. Hofu ya watu wengi, ikikosa wa kuiuliza, hutafuta shingo ya kushika.

Kwa sababu hiyo nakushauri uitazame Weapons ya Zach Cregger, ya mwaka 2025, huku kumbukumbu ya 1995 ikiwa kichwani. Watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao saa nane na dakika 17 usiku, wanakimbilia gizani na hawarudi. Mji mzima unamgeukia mwalimu wao, mwanamke mmoja asiye na wa kumtetea. Hadithi inasimuliwa kwa kumfuata mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, na kila anayeingia anajua kipande tofauti. Ni picha ya kutisha iliyojengwa kama uchunguzi wa polisi. Ukiitazama, chukua karatasi baadaye uandike: mwalimu alijua nini, baba wa mtoto alijua nini, askari alijua nini, na nani kati yao alikuwa na faida ya kutosema. Baloji, katika Augure ya mwaka 2023, picha ya Kongo ambamo Kiswahili kinasikika, anashika jambo hilohilo kwa njia nyingine: kijana anarudi kwao kutoka Ulaya, na ndugu zake wanamwona mchawi. Humo hakuna zimwi hata moja linalohitajika.

Karatasi hiyo ndiyo silaha yako kubwa kwenye picha za uhalifu. Usiandike ukiwa ukumbini. Mwanga wa simu ni uchokozi kwa jirani yako. Andika ukifika nyumbani, kabla hujalala, mambo matatu tu: tukio moja uliloliona waziwazi, mtu mmoja ambaye hukumuelewa, na dalili moja ambayo picha ilikuonyesha mapema bila wewe kuijali. Hiyo ya tatu ndiyo kipimo cha uaminifu wa mtunzi. Mpelelezi akifumbua kesi kwa kitu ambacho hatukuonyeshwa, tumedhulumiwa. Akifumbua kwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu, tumeshindwa kwa haki, na hapo ndipo raha ilipo. Bwana Msa wa vitabu alicheza kwa haki, na wasomaji wake walirudi kumtafuta katika Kisima cha Giningi na vingine vilivyofuata.

Ziko picha za uhalifu ambazo hazifichi mkosaji. Drishyam ya Kihindi, ya mwaka 2015, iliyotokana na ya Kimalayalam ya mwaka 2013, inatuonyesha mapema kilichotokea. Baba mwenye biashara ya kebo, asiye na elimu ya maana lakini aliyetazama picha maisha yake yote, anaficha kifo kilichotokea nyumbani kwake, na mpelelezi anayemkabili ni mkubwa wa polisi ambaye pia ni mama wa kijana aliyepotea. Wewe unajua karibu kila kitu, na bado unakaa ukingoni mwa kiti. Hapo usiulize nani amefanya. Uliza uko upande wa nani, na ulihamia upande huo dakika gani. Mimi niliwahi kusikia watu wawili waliokaa pamoja wakitazama wakatoka na hukumu mbili, mmoja akiwa na mama, mwingine na baba, na kila mmoja alikuwa na tukio la kuonyesha. Huo ndio mjadala ninaoutaka.

Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga, ya mwaka 2012, itazame kwa jicho la mji. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ileile, anaishia mikononi mwa kundi la wezi. Mchana anafanya mazoezi ya jukwaani, usiku anaiba vipuri vya magari. Fuatilia pesa: kila kinachoibwa kinauzwa kwa nani, na askari wanapata nini. Kufuata pesa kutakupeleka ndani ya picha ya uhalifu haraka kuliko kufuata bunduki. Halafu linganisha na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Siyo picha ya uhalifu kwa maana ya sokoni, ila ina polisi, msako na jela, na wanaoitwa wahalifu ni wanaodai uhuru. Tazama jinsi vichochoro vyetu vilivyopigwa picha usiku na kwenye mvua. Ni mji uleule tunaopita na mifuko ya soko la Darajani, na umegeuzwa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kukamatwa akikata kona.

Neno kuhusu picha zilizotafsiriwa. Tangu enzi za msimulizi Lufufu mpaka ma-DJ wa leo, sauti ya msimulizi juu ya picha imekuwa sanaa yake yenyewe, na naiheshimu. Lakini msimulizi anaongeza mzaha, anabadilisha majina, mara nyingine anakupa siri kabla ya wakati wake. Picha ya kutisha inaishi kwenye ukimya, na msimulizi hawezi kunyamaza. Ukiwa umeitazama kwa njia hiyo, sema hivyo barzani: nimeitazama iliyotafsiriwa. Usimlaumu mwongozaji kwa maneno ya mwingine, wala usimpe sifa za mzaha ambao hakuutunga.

Sasa kuhusu kusema kwenyewe. Kwanza uliza nani hajaitazama. Kama yupo hata mmoja, zungumza kwa uhuru juu ya mwanzo tu, mpaka pale tatizo linapojulikana, na mwisho uuache. Anayemwaga siri ya mwisho mbele ya mtu ambaye hajatazama amemnyang'anya kitu asichoweza kumrudishia. Kisha taja tukio. Usianze na jumla. "Pale binti anapokula kitu kutoka mkononi mwa mgeni" ni mwanzo mzuri kuliko "uigizaji ulikuwa wa hali ya juu". Watu wataliona tukio hilo vichwani mwao na wataanza kukubishia, na kubishiwa ndiyo shukrani ya barza. Toa hukumu yako, toa sababu moja, nyamaza usikilize. Mtu akikupinga kwa tukio jingine, mpe haki yake, urudi kulitazama.

Kwa watoto uwe mkali. Alama za umri zimewekwa kwa sababu, na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lina kazi yake, lakini hakuna baraza linaloweza kukaa sebuleni kwako saa tatu usiku. Mtoto aliyeshtuka hapaswi kuambiwa "si kweli, ni picha tu" akaachwa alale. Kaa naye, mwonyeshe jinsi damu inavyotengenezwa kwa rangi, mwambie aliyecheza adui ni baba wa watu. Kama bado anaogopa, zima. Mpaka apevuke, kuna picha nyingine za kutosha.

Na ukitaka kuyafanyia kazi haya yote kwa usiku mmoja, nenda Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, Tamasha la Nchi za Jahazi, linaloonyesha picha pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Utakaa chini ya mbingu, ndani ya kuta za Waarabu wa Omani, na watu kutoka Kenya, Uganda, Kongo na nchi za mbali zaidi. Kaa katikati, usikae pembeni karibu na mlango. Katikati sauti inafika vizuri zaidi. Waongozaji mara nyingi huwepo, na hujibu maswali baada ya onyesho. Usimuulize amepata wapi wazo, kwa sababu kila mtu anamuuliza hilo. Mtajie tukio moja, la kitisho au la upelelezi, umuulize kwa nini kamera ilikaa pale ilipokaa, kwa nini sauti ilikatika, na kwa nini yule aliyefaidika na hofu ya wenzake hakuadhibiwa, au aliadhibiwa haraka hivyo. Uliza kwa Kiswahili. Kisha mwachie nafasi ajibu kwa urefu, na jibu lake uliandike usiku uleule.